Omugabo wa Mama

Nikipita dukani wakati wanakata mche wa sabuni, nacheka peke yangu. Harufu ile kali, inayokuna pua kidogo, hunirudisha moja kwa moja kijijini kwetu Songambele, mwaka ule nilipoitangazia shule nzima kwamba Krismasi kwetu nyama italetwa kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Msinicheke kwanza. Kosa halikuwa langu peke yangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nina miaka tisa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa redio na wa magazeti yaliyofungiwa sukari, ambayo aliyanyoosha kwa kiganja na kuyasoma mpaka pembeni. Kila mwaka baada ya kuuza kahawa, majirani walichanga kununua ng'ombe wa Krismasi. Siku ya kuchinja, kila aliyechanga alipata fungu lake la nyama, ambalo kwa Kinyambo tunaliita omugabo. Mwaka huo Baba hakuchanga. Pesa aliituma kwa dalali Dar es Salaam, akanunua hisa za kiwanda cha sabuni.

"Hisa ndiyo nini, Mwalimu?" Mama aliuliza.

Baba alikuna kichwa, akalitafuta neno, kisha akasema, "Ni omugabo."

Basi! Mimi nilisikia nyama. Usiku ule ule nikaota maini. Shuleni nikaringa kweli kweli, nikawaahidi wenzangu watatu mifupa ya kuguguna.

Mwezi wa kumi na moja, jirani yetu Baba Deo, aliyekusanya michango ya ng'ombe, alipita kwetu akicheka. "Mwalimu, redio inasema bei ya karatasi zako imeshuka tena! Watu siku hizi wanaoga sabuni za Uganda zenye manukato. Krismasi mtakula povu!"

Mama hakucheka. Mgeni alipoondoka, akasema, "Ziuze. Hata ukipata nusu, watoto wale nyama."

"Siwezi kuziuza."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, Mama Adela." Akamweleza taratibu, kama yuko mbele ya darasa la pili. Kiwanda hakina deni. Kila mwaka kinawagawia wenye hisa faida yake. Watu wamekikimbia kwa uvumi tu, ndiyo maana amezipata kwa bei ya kutupa. Bei ikipanda au ikishuka, sabuni inauzwa.

"Tutaona kama inauzwa," Mama alisema. Nawaambia, mama yangu akisema "tutaona", anakwenda kuona.

Jumamosi tulidandia gari la mizigo, mimi na yeye, mpaka mji mdogo wa Omurushaka. Aliingia duka baada ya duka, akaamkia, akauliza sabuni gani inaisha haraka. Kila mahali walimwonyesha ule ule mche wetu. Zile za Uganda zilipangwa mbele, nzuri, zina vumbi. "Hizo za maharusi," muuzaji mmoja alimwambia. "Masufuria na miguu ya watoto inataka hii. Hata siipangi rafuni, mama. Inatoka kwenye katoni inaingia kwenye kikapu cha mtu."

Njiani kurudi Mama alinigonga bega. "Baba yako si mjinga. Ila ole wako umwambie nimesema."

Hisa hazikuuzwa. Krismasi tulikula ndizi kwa maharage, harufu ya nyama ya majirani ikitupitia bila haya. Mimi nilisimama barabarani na beseni, nikingoja basi. Wenzangu watatu walikuja kudai mifupa yao. Nilirudi nyumbani nikilia, na Mama alipojua beseni lilikuwa la nini, alicheka mpaka akakaa chini. Nilimkasirikia siku mbili.

Mvua za masika zilipoanza, Baba alirudi kutoka shuleni na bahasha. Hakuifungua. Alimkabidhi Mama kwa mikono miwili.

"Imeandikwa jina lako."

Mama, ambaye hakuwa amewahi kupata barua maishani mwake, alilisoma kwa kidole, jina lake la ubatizo na la baba yake. Ndani mlikuwa na hundi ya gawio, faida ya zile hisa. Haikuwa kubwa. Ilitosha nyama, chumvi na sweta langu la shule. Lakini vigelegele alivyopiga! Baba Deo alikuja mbio akidhani tumepata mchumba.

"Nilikwambia siwezi kuziuza," Baba alisema. "Si zangu."

Nilifurahia nyama, nikalala. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Kwetu kibanja, shamba la migomba na kahawa, ni cha ukoo. Mwanamke anapalilia kahawa, anaichuma, anaianika, mwanamume anaiuza, na mume akifa shamba linakwenda kwa wana wa kiume na wazee wa ukoo. Baba alimwona mama yake mzazi akifungasha vyombo vyake na kuondoka namna hiyo alipofiwa. Hakutusimulia hata siku moja. Alinunua tu, kila bei ilipoanguka, kwa jina la mchumaji.

Bahasha zimekuja karibu kila mwaka. Baba alipotutoka, wazee wa ukoo walifika kukaa kikao cha kugawa kibanja. Mama aliwaamkia, akawapikia, akawasikiliza mpaka mwisho, na hakuwaomba kitu. Omugabo wake alikuwa nao.