Mama Tabby na Mashine Isiyojua Watu

Mama Tabby anauza unga, sukari na mkaa kwa kibanda hapa mtaa wa Munyaka, Eldoret, lakini ukitaka acheke mpaka jino la nyuma lionekane, usimwite Mama Tabby. Mwite Katibu. Amekuwa katibu wa kanisa letu tangu kabla sijazaliwa. Kila Jumamosi anachapa tangazo kwa laptop yake ya zamani, na Jumapili likisomwa yeye hukaa mbele, kwa kiti chenye mgongo. Si benchi. Tabby, binti yake, ni rafiki yangu, na ananiambia mama yake hushona nguo akifikiria rangi ya hicho kiti.

Halafu kukatokea maneno ya kura.

Jina lake la kuzaliwa ni Virginia Njeri, na kwa Wagikuyu wengi wa rika lake, r na l ni mapacha: huwezi kujua ni nani ameingia nyumbani. Akaandika, "Jumapili ijayo kila muumini aje tayari kupiga kula." Alimaanisha kura, ya kuchagua wazee wa kanisa. Watu wakaja na sahani. Kinuthia, mwenyekiti wetu, akaja na sufuria. Watoto walikuwa wamekataa chai ya asubuhi makusudi. Mwishowe kura ilipigwa na watu wenye njaa, na watu wenye njaa hawana huruma. Mzee Eliakim Ondiek, aliyekuwa makamu mwenyekiti, akaanguka kwa kishindo.

"Huyu mama ametuaibisha," Mzee Eliakim akasema kwenye kikao, sisi vijana tukipanga viti polepole ili tusikie. "Askofu anakuja. Tangazo la siku hiyo likiwa na kosa hata moja, ukatibu nauchukua mimi."

"Na kosa ni nini?" Kinuthia akauliza.

"Kosa ni neno ambalo halimo kwenye kamusi. Basi."

"Lakini kula imo kwenye kamusi."

"Kinuthia, usinichanganye!"

Ikapitishwa hivyo hivyo. Mama Tabby alikuwa anapangusa kile kiti kwa leso.

Aliyemwokoa ni Kevin, mtoto wa dada yake, anayesomea kompyuta mjini. "Aunty, hii laptop haiwezi kubeba kitu kizito," akasema. "Lakini kuna kitu kidogo kinaitwa aspell."

Akafungua skrini nyeusi tii.

"Kevin, umeizima?"

"Haijazima, Aunty. Hivi ndivyo inakaa."

Akaiwekea kamusi ya Kiswahili, kisha akamwandikia amri kwa kipande cha katoni ya unga na kukibandika ukutani: aspell -c tangazo.txt. Mashine inasoma tangazo kutoka juu, na ikifika kwa neno isilolijua, inasimama. Ukibonyeza namba, inaweka neno inalopendekeza. Ukibonyeza i, inaliacha lilivyo. Ukibonyeza a, inaliongeza kwa kamusi yake na haitakuuliza tena.

Mara ya kwanza nilikuwepo. Ilisimama kwa Akumu, mwimbishaji wa kwaya. Pendekezo la kwanza: Hukumu. Mama Tabby akatoa mkono kama aliyegusa jiko la moto. Ikasimama kwa Kinuthia, ikapendekeza Kunukia. Wachira ikataka awe Wachora. Munyaka haikuijua. Eldoret haikuijua.

"Kwani hii kitu inadhani tunaishi wapi?" akaniuliza.

Jumapili akasimama mbele ya kanisa. "Wapendwa, kuna mashine. Mashine haitujui. Anayetaka jina lake lisomwe mbele ya Askofu likiwa zima, apite kwangu aongezwe."

Aki, Jumatatu laini ya watu ilitoka kibandani ikapita kwa kinyozi. Mtu anasimama mbele ya laptop, anavua kofia, anataja jina, Mama Tabby anabonyeza a. "Umeingia. Anayefuata!" Akumu alikuja na kitambulisho na cheti cha ubatizo, kama mashine ingebisha. Kinuthia alileta mjukuu mchanga anayeitwa Eliakim, akarudi tena kuongeza ng'ombe wa kutolewa mnada, jina lake Sugoi kwa sababu ndiko alikonunuliwa. Barabarani akina mama wakawa wanasalimiana, "Umeongezwa?" "Nimeongezwa, Bwana asifiwe."

Mzee Eliakim peke yake ndiye alikataa. "Mama Virginia, mimi nina kitambulisho cha Serikali. Sipangi laini kujuana na mashine."

"Mzee, ni kubonyeza a tu."

"Sitabonyezwa!"

Laini nzima ilisikia.

Jumamosi ya mwisho mashine ilisoma tangazo bila kusimama, majina yakipita kama watu wanaojulikana na bawabu. Ikafika kwa neno la shukrani: Mzee Eliakim Ondiek. Eliakim ikapita, kwa hisani ya yule mtoto mchanga. Ondiek ikasimama. Pendekezo la kwanza: Ondoka.

"Bonyeza i," nikasema. "Iliache."

"Nikiliacha, ni neno ambalo halimo kwenye kamusi. Hilo ni kosa, na kiti ni chake."

"Basi bonyeza a."

"Nimwongeze kwa nguvu? Si amekataa mbele ya watu?" Akaitazama skrini. "Ngai!" Akabonyeza moja.

Jumapili, Askofu akasoma kwa ile sauti yake ya radi: "Neno la shukrani. Mzee Eliakim... ondoka."

Mzee Eliakim alikuwa ameshasimama na hotuba mkononi. Wahudumu wawili wakamshika kwapani kwa heshima sana, na kwa kuwa hajawahi kumkaidi askofu, akaenda. Alizinduka mlangoni.

"Hilo ni kosa!"

"Lipi?" Askofu akauliza.

"Ondoka!"

"Ondoka ni Kiswahili sanifu, Mzee."

"Jina langu ni Ondiek!"

Kinuthia akainuka. "Baba Askofu, Ondiek halimo kwenye kamusi. Na kikao kilipitisha kwamba kosa ni neno..."

"Kinuthia, usinichanganye," Mzee akasema, lakini polepole, kwa sababu kila mtu alijua sheria ilikuwa ya nani.

Mama Tabby alikuwa ameshikilia kiti kwa mikono yote miwili.

"Kuna kosa lingine?" Askofu akauliza.

Mzee Eliakim akatazama dari, akatazama sakafu. "Hakuna."

"Basi Katibu aendelee na kazi yake."

Jumatatu Mzee alikuja kibandani. Alinunua kiberiti kwanza. Halafu akavua kofia. "Niongeze."

"Sema jina."

"Si unalijua?"

"Mimi nalijua. Mashine ndiyo haikujui."

"Ondiek," akanong'ona.

"Umeingia, Mzee."

Jumamosi iliyofuata Mama Tabby, kwa furaha, alichapa mstari wa mwisho mbiombio. Badala ya "Ondokeni kwa amani" vidole vikaandika "Ondkei". Mashine ikasimama, na kwa kuwa sasa inamjua Mzee, ikampendekeza wa kwanza. Mama Tabby akabonyeza moja bila kutazama. Mashine ameshaiamini.

Mchungaji naye husoma kilichoandikwa. "Ondiek kwa amani," akasoma.

Kanisa likageuka kumtazama Mzee Eliakim. Akafikiri. Akavaa kofia.

"Asante," akasema. "Na nyinyi pia."