Masharti Yale ni ya Wageni

Hebu niambie, mtu aliyewaokoa wageni kwa mdomo wake miaka ishirini na mitatu, anawezaje kumsahau mwanawe wa kumzaa? Mimi hadi leo jambo hili halijanishuka kooni. Na Bi Casilda Choquevillca mwenyewe ukimgusia habari hiyo anakaa kimya. Bi Casilda kukaa kimya si jambo dogo, maana Potosí nzima, mji wetu huu wa Bolivia ulio juu milimani ambako hewa ni nyembamba, inaujua ule mdomo.

Kazi yake ni mapokezi katika hoteli ya Balkoni Tatu, nyumba kongwe ya mawe nyuma ya soko, yenye ua katikati na ngazi za mbao zinazolia kila ukizikanyaga. Funguo zote anatunza yeye. Karatasi ya masharti aliiandika yeye, na kila mgeni hupewa yake. Lakini kukupa tu hakumtoshi, lazima akusomee. Ukijaribu kuondoka kabla hajamaliza, anakukamata mkono wa koti.

"Mmelala Sucre kule chini siku mbili kabla ya kupanda huku? Hamkulala! Nilijua tu. Basi leo ni kukaa. Hakuna makumbusho leo, hakuna mgodi, hakuna kanisa. Majumba haya yamekaa hapa miaka mia nne, hayatatoroka leo. Chukueni chumba cha chini, balkoni mtaiona keshokutwa. Supu nyepesi, nyama hapana, pombe hapana kabisa. Bomba la kuogea lifungue kidogo, maji yatoke membamba, ndiyo yanapata moto. Ukilifungua lote utaoga barafu, usije ukaniita. Chupa ya maji ya moto ya kuweka miguuni uiombe mapema, kwa sababu Zenobia akishafunga jiko lake hafungui hata aje askofu."

Halafu hushusha sauti.

"Na hili la mwisho nisikilize. Kichwa kuuma, kawaida. Lakini ukikohoa kikohozi cha maji, pumzi ikakatika na umekaa tu, midomo ikabadilika rangi, usione haya, usingoje kesho. Niite. Dawa yake ni hewa ya mtungi na kuteremka. Kuteremka, sio chai!"

Wengi walimcheka. Kuna kijana mmoja wa Kiholanzi, mrefu kama mlingoti, alimwita bibi kizee mwenye hofu, akazipanda ngazi mbili mbili na begi mgongoni. Jioni yake aliteremshwa na watu wanne. Bi Casilda alimvalisha barakoa ya oksijeni huku anamsuta: "Haya, cheka sasa. Nakusubiri ucheke." Kijana alipona, na kila mwaka humtumia kadi ya Krismasi.

Huyo ndiye Bi Casilda. Sasa sikia alichokifanya.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Limbert. Baba yake alifariki mapema. Limbert akaondoka akiwa na miaka kumi na tisa kwenda Buenos Aires kushona nguo, akakaa huko chini karibu na bahari miaka kumi na minne bila kukanyaga nyumbani. Mwezi wa Agosti akapiga simu kwamba ameuza cherehani zake zote na anarudi, na sio kutembea, anarudi kabisa. Mama wa watu alilia kwa furaha siku mbili pale kaunta, akawa anawapa wageni funguo zisizo zao.

Siku ya kufika, Limbert alishuka na ndege Sucre asubuhi, akapiga simu. Zenobia mpishi alikuwa amekaa mlangoni pa jiko anamenya viazi, simu ikiwa kwenye spika, na haya aliyasikia kwa masikio yake.

"Mama, nimefika Sucre. Nilale hapa leo, au nipande?"

"Ulale Sucre ufanye nini? Unamjua nani Sucre? Supu iko jikoni inakungoja. Panda, mwanangu, panda!"

Zenobia akainua kichwa. "Casilda, na masharti?"

"Masharti gani?"

"Ya kulala Sucre. Mtoto anatoka baharini huyo."

"Mtoto amezaliwa hapa mtaani San Cristóbal, Zenobia! Maziwa aliyonyonya ni ya hapa hapa juu. Masharti yale ni ya wageni."

"Mapafu hayasomi cheti cha kuzaliwa, dada yangu."

"Na wewe hujui kumenya viazi. Tazama unavyotupa kiazi kizima na ganda!"

Zenobia akanyamaza. Anajilaumu mpaka leo kwa kunyamaza kule.

Saa sita mchana teksi ikasimama. Akashuka mwanamume mnene, koti la kung'aa, masanduku mawili. Kutoka teksi hadi mlangoni hatua kumi, na alifika anahema. Mama yake alimkumbatia, akamshika tumbo, akacheka hadi machozi.

"Nyama ya Argentina hiyo! Wamekunenepesha wakakusahau!"

Limbert akashika kalamu pale kaunta ajiandikishe kama watu wote. Bi Casilda akampokonya.

"We! Mwenye kwao haandikwi kitabu cha wageni."

Akampa chumba namba tisa, cha juu kabisa, chenye balkoni, ambacho wageni huwakatalia siku tatu za mwanzo. Ngazi kumi na tisa, na masanduku akabeba mwenyewe. Wakakaa mezani. Supu ya Potosí, ile inayoletwa inatokota kwa jiwe la moto ndani ya bakuli, alimpa mara mbili, na nyama ya nguruwe juu yake. Singani, pombe yetu kali ya zabibu, akammiminia kwa mkono wake. Jioni kulikuwa na mazoezi ya ngoma ya sikukuu ya Ch'utillos, katika kundi alilocheza marehemu baba yake. Bi Casilda akapiga magoti akamfunga mwanawe njuga miguuni, akamsindikiza mlimani kwenda kurukaruka saa mbili nzima kwenye baridi.

Yaani kila alichowakataza watoto wa watu, siku ile alimfanyia wa kwake, kwa mikono yake mwenyewe, na kwa mapenzi. Hapo ndipo mimi ninaposhika kichwa.

Kesho yake Limbert akaamka na kichwa. Mama akasema ni singani. Mchana kikohozi. Akasema ni mafua ya kwenye ndege, wenye ndege wanapuliza baridi kama hawana watoto. Akamchemshia chai ya koka, akampaka mafuta ya mikaratusi kifuani. Chai, jamani! Yeye aliyewaambia maelfu ya watu kwamba dawa yake sio chai.

Siku ya tatu asubuhi, uani alikuwa amekaa mgeni mmoja, Bi Perla, mwalimu mstaafu wa Rosario, Argentina. Mama huyu alikuwa mtiifu kupindukia. Alilala Sucre siku mbili, akachukua chumba cha chini, akala supu nyepesi, na tangu afike alikuwa hajaona chochote cha Potosí isipokuwa ule ua na paka wa Zenobia. Karatasi ya masharti alikuwa ameikunja ndani ya kitabu chake kuwa alama ya ukurasa.

Limbert akateremka. Ngazi kumi na tisa, akasimama mara tatu. Kila akisimama anakohoa, na kikohozi kile kilikuwa kinabubujika, unasikia kabisa kuna maji ndani. Akafika chini, akakaa kwenye benchi, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka.

Bi Perla akafungua karatasi yake, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya darasani.

"'Ukikohoa kikohozi cha maji, pumzi ikakatika na umekaa tu, midomo ikabadilika rangi, usingoje kesho.'" Akamtazama Bi Casilda aliyekuwa anapanga funguo. "Bibi, maneno haya si yako?"

Bi Casilda akawaka. "Ni yangu, lakini hayo ni ya wageni! Huyu ni mwanangu. Wa hapa! Babu yake alikufa na miaka tisini akiwa anapanda mlima kwa miguu! Unanifundisha sorojchi, ugonjwa wa mwinuko, mimi? Mimi?"

"Mimi sikufundishi kitu," alisema Bi Perla taratibu. "Nakusomea tu. Mtazame midomo."

Bi Casilda akageuka amtazame, na nadhani alifanya hivyo ili amkomoe tu yule mwalimu. Midomo ya Limbert ilikuwa ya zambarau, rangi ya ule uji wetu wa mahindi meusi. Limbert akajaribu kutabasamu.

"Mafua tu, Mama," akasema, akakohoa kwenye leso, akaitazama leso. Ilikuwa na povu la waridi.

Mama yangu wee! Funguo zote zikaanguka sakafuni. Zenobia anasema hajawahi kusikia sauti aliyoitoa Bi Casilda wakati ule, haikuwa kilio wala neno. Lakini mikono yake ilijua kazi. Aliurukia mtungi chini ya kaunta, akafungua koki, akamvalisha mwanawe barakoa, huku midomo yake inayasema yale yale, kama anasali: usione haya, usingoje kesho, usione haya, usingoje kesho.

Hospitali walimkuta daktari wa zamu, binti wa mjini hapa hapa, Daktari Yovana. Akamsikiliza Limbert kifua, akauliza haraka: "Ni mwenyeji au amepanda?"

"Mwenyeji!" Bi Casilda akajibu kabla swali halijaisha. "Wa San Cristóbal. Choquevillca huyu!"

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaanza kuandika. "Basi tuanze na dawa za nimonia. Mpelekeni wodini, tutamwangalia mpaka kesho."

Mpaka kesho. Bi Casilda alilisikia lile neno. Alisimama pale na shali yake imeanguka begani, mdomo wazi. Kusahihisha lile jibu lake la mwenyeji kulimaanisha kusema mbele ya mwanawe neno ambalo hakutaka lisemwe kamwe. Miaka kumi na minne alikuwa akimwambia kila mtu sokoni kwamba Limbert hajahama, Limbert yuko safarini tu.

"Daktari," akasema. "Ni mgeni."

Daktari akasimamisha kalamu. "Umesema mwenyeji."

"Nimesema uongo! Ametoka baharini. Miaka kumi na minne. Juzi alfajiri alikuwa Buenos Aires, saa sita akawa kwangu, na mimi nikamlisha nguruwe, nikamnywesha pombe, nikampeleka ngomani. Ni mgeni, binti yangu. Mwandike mgeni. Mteremshe!"

Limbert alisikia. Chini ya barakoa alifumba macho, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Bi Casilda akayafuta kwa kidole.

Daktari alifuta alichoandika. Kumbe hawa wenyeji wanaorudi ndio wanaopatwa vibaya, alisema, wengine kuliko hata Wazungu, kwa sababu Mzungu anaogopa na mwenyeji haogopi. Saa ile ile gari la wagonjwa likateremka naye Sucre, mtungi ubavuni, na mama yake amekaa chini kwenye sakafu ya gari ameshika mguu wake. Walipofika nusu ya njia, midomo ilianza kurudia rangi yake.

Alipona, lakini Ch'utillos ilimpita. Alikaa Sucre wiki tatu, kisha siku nne Betanzos kwa shangazi yake, katikati ya njia, kama masharti yanavyotaka. Wakati wote huo Bi Casilda pale kaunta aliwapa wageni karatasi mkononi bila kuwasomea. Sauti haikutoka. Zenobia akawa anatoka jikoni na kisu chake anawasomea yeye, vibaya, anaruka mistari.

Kisha mchana mmoja Limbert akasimama mlangoni, amekonda, sanduku moja. Alitembea polepole hadi kaunta. Mama yake alitaka kuzunguka amkumbatie, lakini Limbert aliinua mkono kidogo.

"Chumba cha chini, tafadhali."

Bi Casilda akafungua kitabu cha wageni, akamgeuzia. Limbert akaandika jina lake lote. Kwenye safu ya anakotoka alisita, akaandika Betanzos, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Halafu akangoja. Hakuchukua ufunguo.

"Nisomee, Mama."

Alimsomea. Kulala Sucre, kukaa siku ya kwanza, supu nyepesi, bomba la maji, chupa ya miguuni. Zenobia alisimama mlangoni pa jiko hakumenya kiazi hata kimoja. Ilipofika ile ya mwisho, ya kikohozi na midomo, sauti ya Bi Casilda ilikatika mara mbili, akaanza upya mara mbili, mpaka akaimaliza.

Limbert akauchukua ufunguo, akaugeuzageuza mkononi. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

"Mama, miaka yote hii ukiyasema haya, ulikuwa unayaamini?"

Bi Casilda akaikunja karatasi yake.

"Kwa watoto wa watu, ndiyo," akasema.