Mpishi wa Ubongo wa Jeli

Mvuke unapanda kutoka kwenye sufuria, na Nekesa anakoroga taratibu kwa mwiko, kwa mkono uliozoea kusonga ugali. Leo hasongi. Ukikoroga kwa nguvu unaingiza hewa, anasema, na kiputo kimoja kinatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Ndani ya sufuria mna jeli isiyo na rangi, jamaa ya ile wanayopewa watoto kwenye sherehe. Ikipoa kidogo, ataimimina ndani ya kichwa.

Kichwa chenyewe ni cha plastiki angavu, hakina uso wala masikio. Kimepinduliwa juu ya meza katika maabara ya uhandisi ya chuo kimoja jijini Nairobi. Kesho, jeli ikishaganda, kitavishwa kofia ngumu, kitapandishwa juu ya reli ya chuma, kisha kitaachiliwa kianguke. Kamera ya kasi itanasa yatakayotokea ndani.

"Mimi ndiye mpishi wa ubongo," anasema, wala hacheki.

Nekesa, mkazi wa mtaa wa Mukuru kwa Njenga na mama wa binti mmoja, Nangila, hakusomea kazi hii. Aliingia hapa mwaka 1995 kufagia, baada ya miaka mingi ya kuuza chapati kwenye lango la kiwanda. Mwenzake aliyekuwa akitengeneza jeli alipoolewa na kuhama, Dkt. Njoki, mhandisi anayeongoza utafiti huu, alimwuliza Nekesa kama anaweza kupasha kitu moto bila kukichemsha. Akajibu kwamba anaweza. Mara ya kwanza aliichemsha. Jeli ilikataa kuganda, ikachuruzika mezani kama uji wa mgonjwa, na jaribio likaahirishwa.

Dkt. Njoki anatafuta kofia ya bei nafuu kwa vibarua wa mjengo, iliyotandikwa mabaki ya katani kwa ndani. Anataka kujua ni tandiko lipi linalotuliza ubongo mtu anapoanguka. Ubongo wa kweli hauwezi kuchezewa hivyo, ndiyo maana Nekesa anapika.

Habari za kazi hiyo zilipofika Kwa Njenga zilikuwa zimeshaota mbawa. Ilisemwa kwamba Mama Nangila anapika bongo za watu. Chapati anazouza Jumapili zilimdodea, mpaka alipowaalika majirani wawili waje kujionea sufuria kwa macho yao.

Uvumi huo haukumkosesha usingizi. Alikuwa na jambo zito zaidi nyumbani.

Mumewe, Wafula, alikuwa kibarua wa mjengo. Mwaka mmoja kabla Nekesa hajaingia maabara, alianguka kutoka jukwaa la wajenzi kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa mtaa wa Fedha. Aliinuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akanywa chai na wenzake, akarudi nyumbani kwa miguu. Alipopelekwa hospitalini alipigwa picha ya eksirei, ikaonekana mfupa ni mzima.

Baada ya wiki kadhaa, mtu mpole aligeuka. Redio ya jirani ilimtia hasira. Mwanga wa mchana ulimchoma macho. Alisahau alichotumwa dukani, na mara moja alipotea njia ya nyumbani kwake mwenyewe. Kazini walimwachisha wakisema anakunywa, na Wafula hajawahi kuonja pombe.

Kaka yake mkubwa, Mulama, mfanyakazi wa reli anayeishi mtaa wa Kaloleni, alikuja na hukumu yake. Kama si pombe, basi mke amemlisha kitu. Alisema atampeleka ndugu yake Bungoma akatibiwe na watu wa kwao, na Nekesa abaki.

"Sikumlisha kitu," anasema Nekesa. "Lakini hata mimi sikujua ni nini kilichomharibu mume wangu."

Jibu alilikuta siku alipobaki kutazama jaribio kwa mara ya kwanza. Alikuwa ametia matone ya wino ndani ya jeli, kama alivyoagizwa. Kichwa kilianguka, kikagonga chuma, na hakikupata hata ufa. Kisha kanda ikaoneshwa polepole. Plastiki ilikuwa imesimama tayari, lakini matone yaliendelea kwenda, yakajipinda, yakavutika kama nyuzi, ndipo yakarudi.

Nekesa aliomba irudiwe. Akaomba tena.

"Fuvu limesimama," Dkt. Njoki alimweleza, "lakini ubongo bado haujapata habari."

Nekesa aliuliza kama picha ya hospitali inaweza kuona hayo. Akaambiwa kwamba picha ile huonyesha mfupa tu. Akavuta kiti, akaketi, akasimulia habari za Wafula. Dkt. Njoki hakumdanganya. Jeli si mtu, alisema, na yeye si daktari wa kutibu. Alimshauri wamwone bingwa wa ubongo.

Jumamosi iliyofuata, Nekesa alimleta Mulama. Shemeji huyo alikataa kiti, akatazama kanda akiwa amesimama, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mtu aliyeumia hivi anaweza kutembea akarudi nyumbani?" aliuliza.

"Anaweza," alijibu Dkt. Njoki.

"Akanywa na chai?"

"Na chai."

Mulama akamgeukia Nekesa. "Shemeji, nilikukosea."

Wafula hakupelekwa Bungoma. Bingwa alithibitisha kwamba ubongo uliumia, na hakuahidi kwamba utarudi kama zamani. Kelele bado zinamshinda. Lakini siku hizi husema "kichwa kimejaa," akatoka kukaa nje, badala ya kufoka. Nangila ameacha kumwogopa baba yake.

Sasa Nekesa ana mpango. Mulama amemwombea ukumbi wa Kaloleni Jumapili moja, na kanda itaoneshwa kwa wake wa watu wa mjengo. "Nitawaambia, mume akianguka, usimwulize siku moja tu kama ameumia. Mwangalie mwezi mzima."

Wafula ameomba naye azungumze. Maneno marefu humpotea, kwa hiyo amechagua machache, na kila jioni anayarudia mbele ya mkewe: "Nilianguka Fedha. Sikuwa mlevi."

Nekesa anataraji kwamba siku hiyo, mbele ya watu wote, atayamaliza.