Pete Nilizozigeuza Bangili

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Jumamosi tarehe 20 Novemba 2004, mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alisimama mbele ya meza yangu katika soko la Kariokor. Aliokota bangili ya mtoto niliyoizungushia ushanga, akaibonyeza kwa vidole viwili, ikajikunja, ikarudi. Nilidhani nimepata mteja. Nakuomba usinicheke kabla sijamaliza.

Wiki tano kabla ya hapo, Alhamisi tarehe 14 Oktoba, mimi na mume wangu tulikwenda kupimwa. Yeye alikuwa mchonga vinyago, na kikohozi kilikuwa kimemdhoofisha. Alikutwa na virusi vya ukimwi. Mimi sikuwa navyo. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na binti yetu Mwende alikuwa na sita. Muuguzi alieleza kwamba tukitaka nibaki hivyo, lazima tutumie kinga kila mara. Mume wangu aliikataa kondomu ya kiume. Alisema kila akiishika hujiona maiti. Ndipo muuguzi akanikabidhi boksi la kondomu za kike, akaniambia kwamba hizi ni za mwanamke mwenyewe, nivae mapema nikipenda, nisingoje mume aamue. Alinionyesha namna ya kuvaa, lakini mimi nilitazama sakafu kwa haya. Karatasi ya maelezo niliikunja nikaitia kwenye pochi. Sikujua kusoma, na sikutaka ajue.

Jaribio la kwanza lilikuwa fedheha tupu. Kondomu iliteleza mikononi kama sabuni, ikakaa upande, na ilipotulia ikaanza kuchakarisha. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Mama Mwende, umefunga chipsi humo?" Nikaitoa, nikaitupa. Mara mbili zilizofuata hatukutumia chochote. Nikaomba Mungu tu.

Boksi likabaki chini ya kitanda. Kila kondomu ilikuwa na pete mbili: kubwa ya nje iliyoshikamana na mfuko, na ndogo ya ndani iliyo huru. Mimi niliyeshona ushanga kwenye viatu vya ngozi tangu usichana niliitazama ile ndogo, laini, isiyovunjika, nikaona inautosha mkono wa mtoto. Nikazitoa zote, moja baada ya nyingine. Bangili ya kwanza aliivaa Mwende, na nilijisifu kwa ubunifu wangu.

Sasa yule muuza omena, Mama Achieng wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben, aliinama karibu nami.

"Umeng'oa ngapi?"

Nikajifanya sielewi. Akavuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa.

"Mtoto wangu, hii pete naijua. Inakaa ndani kabisa, ndiyo inashikilia mfuko usihame. Mzee wangu ana virusi, mwaka wa nne huu. Mimi sina, na ni kwa sababu ya hii. Sasa wewe ugonjwa utauzuia na bangili?"

Nilimweleza yote huku machozi yakidondokea ushanga. Hakunibembeleza. Aliuliza ni nani atakayemlea Mwende, kisha akatumia mkono wa sweta yangu kunifundisha: jinsi ya kubana pete ndogo na kuisukuma hadi isihisike tena, jinsi ya kuiacha pete kubwa nje, na jinsi ya kumwongoza mume kwa mkono asipite kando ya mfuko. Alinionya kwamba siku za mwanzo nitaichukia, na kwamba nijizoeze nikiwa peke yangu, mguu mmoja juu ya kiti.

Jumatatu nilirudi kwa muuguzi, nikakiri habari ya pete na habari ya kusoma. Alinipa boksi jingine na tarehe ya kupimwa tena. Nikajizoeza mchana, Mwende akiwa shuleni. Kondomu ilipochakarisha tena na mume wangu akaanza utani wa chipsi, nilimjibu, "Wacha ilie, Baba Mwende. Bora ilie hiyo kuliko Mwende." Hakucheka. Aliuliza anisaidieje.

Jumatatu tarehe 28 Februari 2005, muuguzi alinisomea majibu: sikuwa na virusi. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Mume wangu, aliyekuwa ameshaanza dawa, alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya arusi.

Januari 2006 niliingia darasa la watu wazima. Maandishi ya kwanza niliyoyasoma hadi mwisho maishani mwangu ni ile karatasi ya pochini. Mume wangu aliaga dunia tarehe 3 Juni 2017 kwa ugonjwa wa moyo. Nilikuwa nimepimwa kila Februari, mara kumi na tatu, na mara zote kumi na tatu nilitoka nikiwa mzima. Bangili ya Mwende ninayo hadi leo, ushanga nimeutoa. Ndiyo ninayowaonyesha wanawake wanaokuja kujifunza kwangu, hapa mtaani Mbotela, kama ulivyokuja wewe.

Sitakuficha kasoro za kondomu ya kike. Haipatikani katika kila duka. Huhitaji mazoezi, na za zamani zilikuwa na kelele kuliko za sasa. Katika kuzuia mimba, wauguzi husema ya kiume huishinda kidogo. Usiivae pamoja na ya kiume, kwa maana zikisuguana hupasuka au hutoka, wala usiirudie iliyokwisha kutumika. Lakini fadhila yake ni kubwa: hukinga mimba na maradhi kwa pamoja, na huvaliwa na yule anayeogopa zaidi. Basi, mwanangu, usione haya kuuliza wala kuuliza tena. Mtazame muuguzi usoni anapokufundisha. Soma karatasi yote, na kama hujui kusoma, sema. Haya yangu ya dakika kumi ilikaribia kumfanya Mwende yatima.

Mungu akulinde mwili wako, akupe ulimi usiosita ndani ya nyumba yako mwenyewe, na majibu yote utakayosomewa yakusimamishe kitini kwa furaha kama yalivyonisimamisha mimi.