Spika Mbili za Omu Nane

Mume wangu Abednego alianza kupigwa kwa sababu ya redio akiwa na miaka tisa. Kwao Butiama baba yake alikuwaga na redio ya mbao, na siku alipoikuta imefunguliwa mezani, nyaya nje, alimfunga mtoto kwenye nguzo ya zizi akamchapa kwa kamba ya ng'ombe mpaka kaptula ikalowa damu. Redio ilipofungwa tena ikaimba vizuri kuliko mwanzo, na mzee akamwongeza viboko viwili kwa hilo. Alikuwa na roho ngumu yule mzee, Mungu amrehemu.

Ufundi alikuja kujifunza Musoma, halafu akafungua kibanda hapa Bunda, nyuma ya stendi. Mimi Matrida alinioa hapa hapa, nikaweka cherehani yangu mlangoni pake, nikawa nashona vitambaa vya mbele ya maboksi ya spika.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuwachagulia watu spika za bei nafuu. Mtu anakuja na ampli ya nyumbani, hela imeishia hapo. Abednego anachambua rundo la spika za mtumba, anazipima kwa mita ajue omu, yaani spika inavyouzuia umeme: hii ni nne, hii nane, ipi inaelewana na ampli ya mteja. Halafu anaweka mita chini, anafumba macho, anasikiliza. Jamani, yule mwanaume alikuwa na masikio! Spika yenye ufa usioonekana aliigundua kwaya haijamaliza hata ubeti mmoja. Masikio hayo ndiyo yaliyotulisha, ndiyo yaliyomsomesha Debora wetu. Shamba hatuna, ng'ombe hatuna.

Sasa akaja huyu Prosper. Mfugaji wa huko Butiama, kofia kichwani, koti, fimbo. Kauza fahali, kanunua ampli Musoma, binti yake anapata kipaimara Jumapili. Abednego akaifungua ile ampli, akaitazama, akaifunga, akamwambia ni nzima. Kisha akamwekea mezani spika mbili ndogo.

Watu wetu wananunua spika kama wanavyonunua sangara. Wanaibeba mkononi, ikiwa nzito wanaona ndiyo yenyewe. Prosper akaenda kwenye rundo, akainua moja yenye sumaku kubwa, akacheka kwa furaha.

"Fundi, nipe hizi. Nne."

"Hizo zilitoka kwenye magari, mzee. Ni omu nne. Ampli yako inataka nane. Chukua hizi mbili."

"Hivi vikombe vya chai? Nimealika kijiji kizima!"

"Ampli ni ng'ombe, spika ni jembe," Abednego akamwambia taratibu. "Ng'ombe mmoja ukimfunga majembe manne kwa mpigo, ataangukia shambani."

"Ebo! Wewe fundi unanifundisha mimi ng'ombe?"

Abednego akakataa kumuuzia zile nzito. Mimi nikamkonyeza auze tu, hela ni hela. Hakunisikiliza. Prosper akaondoka anatukana, akaenda kununua nne za aina ile ile kwa muuzaji mwingine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini safari hii guu lililovunjika halikuwa lake.

Jumapili, tuliambiwa baadaye, ampli iliimba nyimbo mbili ikatoa moshi. Wageni wakacheka. Shemeji yake akauliza kama na ile ni sehemu ya pilau. Mtu mwenye majivuno ukimcheka mbele ya wakwe zake, ujue atatafuta wa kumpiga.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada, stendi imejaa watu wa kutoka kila upande. Prosper akaingia bila salamu.

"Uliifungua ampli yangu ukaiba vitu vya ndani!"

"Mzee, ulifunga spika ngapi?"

"Mwizi wewe!"

Akanyakua zile spika mbili ndogo mezani, eti ni fidia. Abednego akazikumbatia, hakuachia. Wakavutana mpaka nje. Prosper akamzaba kofi la sikio la kushoto, kofi lililojaa, nikasikia mlio wake juu ya honi za mabasi. Abednego akaanguka. Prosper akainua fimbo, akampiga mbavuni, akampiga tena.

Sasa nisikilizeni, kwa maana hapa siwezi kujificha. Kwetu ukilia "ananiulia mume" watu wanasimama kutazama, wanasema ni mambo yao. Lakini ukipiga yowe la mwizi kila mtu anakuja, na haji mikono mitupu. Hilo nalijua tangu utoto. Nikashika kichwa, nikapiga yowe kwa nguvu zangu zote: "Mwiziii! Mwizi jamani!" Nilitaka wamuue Prosper. Nilitaka, Yesu anisamehe.

Wakaja kama arobaini, wageni wa mnada, hawatujui. Wakaona mzee mwenye koti na kofia, anahema, anasema "spika zangu, spika zangu." Wakaona mtu wa singlendi iliyochakaa yuko chini, amekumbatia spika mbili.

Tofali la kwanza lilimpata sikio la kulia.

Nikapiga kelele "Siyo huyo! Ni yule!" Nani anasikia? Walimpiga kwa mawe, kwa mateke, kwa mnyororo wa pikipiki. Mmoja aliruka juu ya kichwa chake kwa miguu yote miwili. Nilimrukia huyo nikamng'ata mkono mpaka nikasikia mfupa, akanipiga ngumi meno mawili yakatoka. Damu ya Abednego ilitokea masikioni, pande zote mbili. Prosper alikwishapotelea kwenye umati. Mwingine alikuwa ameanza kuuliza petroli iko wapi.

Gody wa bodaboda ndiye aliyetuokoa. Aliingia na pikipiki katikati ya watu anapayuka, "Huyu ni fundi Abe! Fundi wa spika huyu!" Mikono ikashuka. Aliyeshika tofali akaliweka chini polepole, akaniambia, "Pole mama, tulidhani ni mwizi."

Musoma hospitalini wakamshona, wakatazama masikio, wakatikisa vichwa. Ngoma zote mbili zimepasuka na ndani kumeharibika. Miezi saba sasa hasikii kitu. Mita anayo, anapima omu vizuri tu, lakini spika yenye ufa na nzima kwake ni sawa, na wateja wamejua. Cherehani ndiyo inayotulisha.

Prosper alikamatwa, yuko mahabusu. Abednego anaongea bado, kwa sauti kubwa kupita kiasi. Anamwambia kila anayekuja kumpa pole kwamba Prosper ndiye aliyempigia yowe la mwizi, na mahakamani atasema hivyo hivyo. Lile kofi lilikuwa linamlilia sikioni, hakutambua ni sauti ya nani.

Nimemwambia kuwa ni mimi. Nimemwambia mara nyingi, tukiwa wawili, nalia, nikimtazama usoni. Ananishika mkono, ananiambia, "Usilie mama Debora, wewe ulinipigania."

Tunaandikiana kwenye daftari la Debora: chumvi imeisha, fulani amekuja, kula dawa. Kuandika najua. Hilo sijaliandika, na kesi ni Alhamisi.