Mchanga wa Askari Wangu

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mke wangu husema hata chumvi naionja mara mbili. Lakini mzee mwenye lupango, yaani ua na nyumba tuliyopanga, alinishinda.

Tulikaa kwake miaka minane. Alikuwa mgane, mchimbaji mstaafu, na kila Jumapili alikula bukari, ugali wetu, na samaki mezani kwetu. Aliniita mwana, nami nilimwita papa, yaani baba, kwa moyo, si kwa adabu tu.

Mwaka jana binamu yangu aliyeko Ulaya alinitumia askari thelathini wa plastiki, kila mmoja urefu wa nusu kidole: askari wa miguu wa kikoloni, wa jangwani, kofia zao zina kitambaa cha kufunika shingo. Ni mchezo wa vita wa mezani. Rafiki yangu, mwalimu mwenzangu wa Kipushi, ana wapanda ngamia, nami nilitaka jeshi la kumkomesha. Nilikata vipande vyao kutoka kwenye fremu kwa wembe, nikawagundisha mikono na bunduki, nikawapaka kaki. Kisha kila mmoja nikamsimamisha juu ya rondele ya chuma, ile ya kukazia bolti.

Sasa, askari wa jangwani hasimami juu ya udongo mwekundu wa Lubumbashi. Lo, angechekwa! Nilipochimba shimo la takataka nyuma ya jikoni, chini kabisa nikakuta mchanga wa rangi ya biskuti. Nikauchekecha, nikaukaanga kwenye sufuria mpaka ukakauka, nikaugawa katika machupa matatu ya dawa, nikayaandika namba. Yote hayo uani, mchana kweupe. Mjinga mimi! Katika mji huu wa madini, nani anachekecha mchanga kwa kucheza?

"Mule mu machupa iko nini?" mzee aliniuliza kutoka mlangoni kwake.

"Ni muchanga, papa."

"Muchanga ya nini?"

"Ya baaskari yangu."

Akacheka kicheko kifupi, kama anakohoa. "Ya baaskari! Haya, mwana."

Jumapili ile hakuja kula. Alisema tumbo linamsumbua. Kesho yake nikakuta chupa namba mbili imepungua, kifuniko kimefungwa kombo. Nani? Nikamshuku mke wangu, nikamshuku hata rafiki wa Kipushi. Halafu nikamwona mzee langoni na mtu mwenye koti la kazi, wanageuza kitu juani kwenye karatasi, wananong'ona. Waliponiona wakaanza kuzungumzia mvua. Mvua gani, mwezi wa saba, katikati ya kiangazi!

Wiki haikwisha, akaja. "Mutoto yangu anarudia, anatoka ku Mitwaba. Mutafute nyumba ingine."

Miaka minane, sijawahi kusikia habari za mtoto Mitwaba. Damu ikanichemka. "Papa, sema kweli. Unafikiri tumepata madini?"

"Ni weye njo unasema vile."

Nikaona nimwonyeshe tu ukweli, yaishe. Nikapanga askari wote thelathini mezani. Nilijivunia, hata katika hasira: gundi ya mbao, mchanga, rangi ya kahawia, kisha brashi kavu yenye rangi ya maziwa juu juu, mpaka jangwa likatokea. Mzee alimchukua mmoja. Hata uso hakumtazama. Akamgeuza miguu juu, akakwaruza mchanga wa miguuni kwa ukucha, akanusa.

"Kumbe munapitishaka madini chini ya miguu ya batoto ya plastiki. Mu nyumba yangu!"

"Papa, huu ni mchezo tu!"

"Muntu mukubwa anachezaka na baaskari?"

Mke wangu alilia, akamkumbusha samaki wa Jumapili zote, mzee akatazama ukuta. Tukahama. Yule askari mmoja alibaki mkononi mwake, nami sikumdai.

Mwezi wa tisa nikaenda kumsalimu. Nilikuwa nimemkumbuka mno, niseme wazi. Mlango wa nyumba yetu ya zamani ulikuwa wazi, na ndani hapakuwa na sakafu. Shimo lilianzia jikoni hadi pale kilipokuwa kitanda chetu, na ukuta ulikuwa umepasuka kutoka dirishani mpaka kwenye mabati. Mzee alikuwa shimoni, amekonda, udongo mpaka kwenye nywele. Askari wangu alisimama juu ya tofali, ukingoni.

"Mwana," aliniita kwa sauti ile ya Jumapili. "Nimechoka. Uniambie tu. Ulitosha wapi ile muchanga?" Alitaka kujua nilikoutoa.

Nilikuja na huruma, naapa. Nilitaka kumshika mkono, nimtoe mle, nimpeleke kwetu akale. Lakini nilipofika ukingoni, kitu kilimetameta chini, karibu na sepetu lake. Na mimi, niliyefukuzwa kwa ajili ya mchanga, nikajiuliza: je, kama kweli madini yapo? Nikapiga magoti nichungulie.

Mzee aliniona.

"Unaona," alisema polepole. "Ulijua."

Akakifunika kile kitu kwa mguu wake.