Bibi Alivyoipima Shotigani ya Mbweha

Wiki iliyopita nilikuwa kituo cha basi Lewisham, huku ughaibuni, nimetoka shifti ya hospitali, asubuhi imeshakucha. Mbweha akakatiza barabara na mfupa wa kuku mdomoni, taratibu, kama mwenye mtaa. Hakuna aliyeshtuka. Mimi nikacheka peke yangu, maana angepita vile mbele ya bibi yangu kule Singida, ingekuwa habari nyingine.

Nilikuwa na miaka tisa, naishi kwake. Asubuhi zetu zilinukia moshi wa kuni na uji wa uwele, na kazi yangu ilikuwa kufungulia mbuzi. Mwaka ule mbweha walishakula vitoto vitatu vya mbuzi. Kilibaki kimoja, cheupe, nilichopewa kiwe changu. Nilikwenda shule moyo nikiuacha zizini.

Bibi alikuwa na shotigani aliyoachiwa na babu, na kibali alikatiwa kwa jina lake mwenyewe. Mwingine angepakia risasi yoyote akaenda kuvizia. Yeye hapana. Alisema kumjeruhi mnyama akateseke porini siku tatu ni ukatili, kwa hiyo kwanza tujue bunduki inapiga vipi.

Akanituma nichore mbweha kwa mkaa kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Nikachora mkubwa, ili asikosekane tumalize kazi. Bibi akampima kwa mkono, kuanzia kiwiko.

"Mke mwenzangu," akasema, ndivyo alivyonitania siku zote, "huyu mbweha au ndama?"

Nikachora upya. Tukatundika karatasi ukingoni mwa korongo, na ubao nyuma yake, bibi akahesabu hatua arobaini. Jirani yetu, fundi baiskeli, naye akaja na ushauri. Bunduki ile ilikuwa na vipete vitatu vya kufunga mdomoni mwa mtutu, kila kimoja na ubanaji wake, ili marisau, zile punje za risasi, yasitawanyike.

"Bi mkubwa, weka kinachobana kabisa. Yatakwenda yote pamoja."

"Tutaona kwenye karatasi, baba."

Marisau madogo yalitoboa matundu mengi, lakini ubao yaliuchubua tu. Makubwa yaliupasua ubao, ila kwa kile kipete cha fundi yalitawanyika ovyo. Kifuani pa mbweha wangu yaliingia mawili.

"Makubwa ukiyabana sana yanagombana mlangoni," bibi akasema.

Kwa kipete cha kati nilihesabu sita kifuani. Fundi akaigeuza karatasi mbele na nyuma, akitafuta kosa. Bibi akarudi hadi hatua sitini, akapiga tena. Tundu moja, sikioni. Basi akaenda karibu na zizi, pale atakapojibanza, akahesabu hatua arobaini na kuchomeka kijiti.

Kesho yake kulipopambazuka mbweha akatokea, akasimama ng'ambo ya kijiti, mbali. Kitoto changu kikaanza kulia.

"Piga, bi mkubwa," fundi akanong'ona. "Anaondoka huyo."

Nami nilikuwa navuta kanga ya bibi, nikimlilia apige. Akashusha mtutu. Mbweha akaenda zake, na fundi akashinda kisimani akiwaambia watu kwamba bi mkubwa anawinda makaratasi. Habari zilipomfikia, bibi aliendelea kupepeta mtama.

Asubuhi ya tatu mbweha alikivuka kijiti. Mlio mmoja. Alilala palepale, hata mguu hakutupa. Nilimlilia, pamoja na yote aliyotufanyia, na bibi hakunicheka. "Hakusikia kitu," akaniambia, akanifuta machozi kwa mkono unaonuka baruti.

Kitoto changu kilikua, kikazaa. Sasa zizi halipo, bunduki ilirudishwa polisi bibi alipofariki, zile karatasi ziliishia jikoni kuwashia moto. Nimekutana na watu wengi hodari tangu hapo, wa kwetu na wa huku. Lakini mtu wa kushusha mtutu taratibu vile, jirani anamhimiza na mjukuu anamlilia kiunoni, huyo sijamwona tena.